Sekunde Tatu za Kujiamini

Vizibo vya soda vilipangwa sakafuni safu saba, nane kila safu, na watoto wa darasa la nne walichuchumaa kuvizunguka, vichwa vikigongana. Walikuwa tisini na mmoja kwa madawati ishirini na mawili. Upande wa dirishani hakukaa mtu, maana jana mvua ilinyesha na lile bati lilishakata tamaa siku nyingi.

"Msihesabu kimoja kimoja, tutalala hapa," alisema mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. "Nani ana njia fupi?"

Binti aliyevaa sweta la kaka yake alinyoosha kidole. Wenzake walimwita Konokono. Mwaka jana, darasa la tatu, kila kosa la jedwali lilikuwa fimbo moja, na huyu mtoto akiitwa mbele alikuwa akijikojolea hata kabla ya kuulizwa. Miezi mitatu mwalimu alikuwa akimbembeleza taratibu, kama mtu anayemtoa paka uvunguni.

"Naanza na safu tano," alisema Konokono kwa sauti ndogo. "Tano mara nane, arobaini. Zimebaki safu mbili, hizo ni kumi na sita. Jumla hamsini na sita."

Hakutetemeka. Mwalimu aligeukia ubao ili watoto wasimwone anavyochekelea peke yake.

Mwalimu mkuu aliingia bila kubisha hodi, bango kubwa kwapani.

"Madam, hizi takataka zitoke. Ofisa wa mradi yuko kwangu anamalizia chai. Na wale wazito wako wapeleke stoo wakapange majembe. Hapa nataka vichwa tu."

"Wazito gani, mwalimu mkuu?"

"Unawajua. Yule bubu wako, kwa mfano."

"Si bubu. Ametoka kujibu sasa hivi."

Mwalimu mkuu alishusha sauti. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Ripoti ya leo ndiyo itakayosema kama unabaki. Shauri yako."

Basi watoto thelathini na wanne wakapelekwa stoo, mmoja mmoja, kama vyombo vibovu vinavyofichwa mgeni akija. Konokono hakwenda. Mwalimu alimkalisha dawati la mbele kabisa. Alijua kwamba mtoto huyu akifichwa leo, hatanyoosha kidole tena.

Bango lilibandikwa juu ya ubao: NAJIAMINI, NAZIDISHA. Mradi wenyewe ulikuja kuwajengea watoto wa shule za msingi moyo wa kuzidisha bila hofu. Haukuleta dawati wala kitabu. Ulileta bango, fulana ya mwalimu mkuu, na fomu.

Ofisa alikuwa kijana wa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na aliruka dimbwi la dirishani bila kuuliza limetoka wapi.

"Mtoto anayejiamini hasitisiti," alisema. "Nikikuuliza, unasimama wima, unasema 'Najiamini!', halafu unajibu ndani ya sekunde tatu. Tumeelewana?"

"Ndiyooo."

Alitega saa ya simu, akamnyooshea kidole Konokono. "Wewe hapo. Saba mara nane."

Konokono alisimama. "Najiamini," alisema, na wote walimsikia. "Tano mara nane, arobaini. Zimebaki..."

Simu ikalia. "Muda umekwisha. Mwingine."

Mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule aliruka juu, kifua mbele. "Najiamini! Hamsini na nne!"

Ofisa alitia alama ya vema, akatabasamu. "Mmeona? Huko ndiko kujiamini. Mpigieni makofi."

Mwalimu alichungulia ile fomu. Kulikuwa na kisanduku cha sauti, kisanduku cha kusimama wima, kisanduku cha sekunde. Cha jibu sahihi hakikuwepo. Mtu mzima na shati lake jeupe, ametoka mjini na dereva, na saba mara nane haijui, wala haoni kwa nini aijue.

Alifungua mdomo. Nyuma ya ofisa, mwalimu mkuu alimkazia macho huku akipiga makofi polepole. Mwalimu aliufikiria mkataba, akamfikiria mama yake anayemtegemea kwa dawa. Akafunga mdomo, na yeye akapiga makofi. Hayakuwa mengi, manne au matano, lakini yalisikika.

Konokono alikuwa bado amesimama. "Hamsini na sita," alimalizia.

"Umechelewa, mwanangu," alisema ofisa bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Kaa."

Wakapigwa picha chini ya bango, gari likaondoka. Mwalimu mkuu alirudi na fulana yake mpya juu ya shati. "Umetuheshimisha, madam. Ule mkataba usiuwazie tena." Alimpa mkono. Mwalimu aliupokea, kisha akajifuta kiganja kwenye sketi.

Watoto wa stoo walirudi wakipiga chafya, wenzao wakawasimulia yote kabla hawajakaa. Mwalimu aling'oa bango, akaandika ubaoni saba mara nane.

"Haya. Ya mgeni yamepita. Hii ni ngapi?"

"Najiamini! Hamsini na nne!" Darasa zima, hata wa stoo. Na katikati yao Konokono, mdomo wazi, kwa ile sauti kubwa ambayo mwalimu aliingoja miezi mitatu.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya dawati lake. "Mwanangu, asubuhi ulisema ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Kwa njia gani?"

"Arobaini, halafu kumi na sita."

"Sasa hamsini na nne umeitoa wapi?"

Mtoto alimtazama kwa upole, kana kwamba mwalimu ndiye mgeni shuleni.

"Ile yangu ilikuwa ya kuhesabu tu, mwalimu. Hii ndiyo mliyoipigia makofi. Hata wewe ulipiga."