Breki ya Upande wa Kushoto

Saa mbili kasorobo asubuhi gari la shule ya udereva lilikataa kuwaka. Mwalimu aligeuza ufunguo mara ya pili. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima.

"Basi tumieni lile," mama yake alisema kutoka mlangoni. Lile lilikuwa gari jeupe la marehemu mwanawe, lililoegeshwa ukutani tangu mazishi. "Si ndilo atakalochukua wifi yako akifaulu? Na leo nami nakwenda kwenye mtihani. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Neno la mama lilikuwa limeshatolewa mbele ya ukoo mzima. Mjane wa mwanawe akipata leseni, gari ni lake, alifanyie kazi ya teksi, alee watoto. Akianguka mtihani mara tatu, linabaki kwa binti wa nyumba, yaani mwalimu mwenyewe. Mjane alikuwa ameshaanguka mara mbili, na mara zote mbili pale pale, kwenye mzunguko wa barabara ulio chini ya mteremko.

Sababu aliijua mwalimu peke yake. Gari la shule lina breki ya pili upande wa kushoto, anapokaa mwalimu, iliyounganishwa na ya dereva, nayo ikikanyagwa hulia kengele ndogo. Siku ya somo la kwanza aliuchomoa waya wa kengele. Tangu hapo, kila waliposhuka kuelekea mzunguko, wifi yake alipoigusa breki kwa woga, yeye aliikanyaga ya kwake polepole. Pedali ilizama chini ya unyayo wa mjane, naye akaamini ni unyayo wake ulioizamisha. Gari likapunguza mwendo kwa adabu, likasimama mstarini.

"Safi sana, wifi," mwalimu alimwambia kila mara. "Umepunguza, umetazama kulia, umewapisha walio ndani. Hivyo hivyo."

Asubuhi ya kila mtihani aliurudisha waya. Mtahini aliona mstari unapita chini ya magurudumu, akakanyaga breki, kengele ikalia, na mjane akarudi nyumbani macho mekundu.

"Lakini kwako sikosei hata siku moja," alisema.

"Woga tu, wifi. Mguu wako ukimwona mtahini unageuka unyoya."

Sasa mwalimu alihamisha kibao cha mwanafunzi, akakifunga kwenye gari jeupe. "Mpaka kituoni nitaendesha mimi," alisema.

"Kwa nini?" mama akauliza. "Mwache mtoto wa watu apashe miguu moto. Au humwamini? Si wewe uliyesema jana yuko tayari?"

Alikuwa amesema, tena mezani, mbele ya wote, ili wifi yake akianguka asipatikane wa kulaumiwa. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Alitazama katikati ya viti. Breki ya mkono ilikuwapo, karibu na mkono wake wa kulia. Ingetosha. Akafunga mkanda.

Mama alikaa nyuma ya dereva. Mjane aliendesha vizuri. Gia ziliingia bila kelele, na kwenye kivuko cha wanafunzi alisimama kwa mguu wake mwenyewe. Mteremko wa mzunguko tu ndio aliojifunza kwa mguu wa mtu mwingine.

"Nikifaulu, wifi, safari ya kwanza nakupeleka wewe, bure."

"Bure kwa mafuta ya nani?" mama akadakia kutoka nyuma, na wote wawili wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Barabara ikaanza kushuka. Lori la kokoto lilikuwa limeshaingia kwenye mzunguko.

"Kulia kwako," mwalimu alisema.

"Nimeliona," mjane akajibu kwa utulivu. Akaigusa breki kwa uzito wa siku zote, akangoja pedali izame. Haikuzama.

Mguu wa kulia wa mwalimu ukakanyaga. Kwa miaka yote ya kazi haukuwa umengoja kuamriwa. Ulikuta zulia. Ukakanyaga tena, kwa nguvu zaidi. Mkono ulipoikumbuka breki yake, bampa la lori lilikuwa limejaa dirishani.

Mama hakutoka hai. Mjane alitolewa mguu wa kulia umevunjika. Mwalimu alichubuka goti.

Askari wa usalama barabarani alikagua lami, asione alama ya tairi kutoka upande wao. Akainama kwenye machela. "Dada, ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga, afande. Kama siku zote. Muulize wifi, ndiye aliyenifundisha. Haijawahi kunikataa."

Askari alikwenda kuchungulia ndani ya gari. Zulia la upande wa kushoto lilikuwa limekunjamana hadi ukingoni, na kiatu cha kike kimekwama chini yake. Akamgeukia mwalimu, aliyesimama mguu mmoja peku.

"Ni kweli, mwalimu? Siku zote alikuwa akisimama hapa?"

"Gari lilikuwa likisimama," mwalimu alisema.

"Nimeuliza kuhusu yeye."

Mwalimu alitazama mguu wake. Machela ikapakiwa. Mjane aliinua shingo, akamwangalia wifi yake mpaka mlango ulipofungwa.

Gari la kuvuta lilifika, likalifunga lile jeupe kwa mnyororo. Lilingoja mstarini mpaka magari ya kulia yakapita, likaingia kwenye mzunguko, likawasha taa ya kushoto, likatoka.