Saini ya Mwenye Ngazi

Jumatatu asubuhi kinyozi alifungua duka, akafagia kizingiti, akapuliza vumbi kwenye mashine yake, kisha akatoka nje kumnyoa kijana aliyechorwa ukutani. Nywele zilikuwa zimeshafika masikioni. Zilidondokea gazeti alilotandika chini, nyeusi, zikinuka tapentaini. Mteja wa kwanza alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake, maana foleni ni foleni.

"Huyu halipi," kinyozi alimwambia binti aliyekuwa akipita na makopo ya rangi, "lakini angalau hanifundishi kazi."

Binti huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, ndiye aliyemchora kijana yule. Alishachora vichwa kumi na vinne mjini, na vyote viliota nywele. Vile vya mjomba wake, Fundi Rula, vilibaki kama vilivyozaliwa. Kwa hiyo kila mwenye macho alijua kipi ni cha nani. Hata hivyo, chini ya vyote, vyenye kuota na visivyoota, paliandikwa RULA kwa rangi nyekundu, kwa sababu sheria ya karakana ya mjomba ilikuwa moja tangu enzi za babu: mwenye ngazi ndiye mwenye saini.

Mfukoni mwa aproni Brashi alikuwa na barua iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikalainika kama kitambaa. Chuo kilikuwa tayari kumpokea asomee shahada ya uzamili ya sanaa, mradi kufikia Ijumaa saa kumi jioni athibitishe kwamba vichwa alivyotuma picha zake ni kazi ya mkono wake. Tangu barua ifike, hakai akakalika. Kwenye mlango mmoja aliandika DUKA LA DAWA mara mbili. Nyumbani aliizunguka meza mpaka mama yake akamwonya kwamba atachimba mtaro.

"Shahada ya kwanza hatujaona imezaa nini," mama alisema, mikono ikichambua mchele. "Sasa unaitafutia mdogo wake."

Brashi alijibu kwamba hataki cheti. Anataka kujua kwa nini zinaota.

"Na ukishajua, zitaendelea kuota?"

Brashi aliizunguka meza tena.

Jumatano alimwendea mjomba. Fundi Rula alikuwa mtu mpole. Ndiye aliyemfundisha kushika brashi akiwa na miaka sita, na magoti yalipomgomea, ndiye aliyebaki chini akishikilia ngazi wakati mpwa anachora. Brashi alimwomba mstari mmoja tu wa maandishi. Mzee alikamua brashi aliyokuwa akiiosha, akainyoosha unywele mmoja mmoja.

"Mpwa wangu, nikiandika kwamba ulichora wewe, mimi miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa umeshika ngazi, Mjomba."

"Basi," akasema bila hasira, na badala ya kalamu akamwomba amsogezee sabuni.

Alhamisi Brashi alitafuta ubao, akauchorea uso wake mwenyewe, akatia jina lake chini kwa mara ya kwanza. Pua haikumpa shida. Jina ndilo alilolifuta mara tatu.

Ijumaa asubuhi, chuoni, maprofesa watatu waliuzunguka ubao ule. Ilipofika saa nne, chai ilipoletwa, nywele zilikuwa zimeshuka mabegani, na mmoja wao akazifunga fundo ili aione shingo vizuri. Walipima, wakaandika, wakakubaliana kwamba mkono ni ule ule wa kwenye picha. Mwenyekiti wao, mama aliyekuwa na miwani machoni na nyingine utosini, alimweleza Brashi kwamba amepita. Ila ubao ni mmoja na kuta ni kumi na nne, na kuta zina jina. Kwa hiyo asubuhi hiyo hiyo chuo kilikuwa kimemwandikia mwenye jina, kumwalika aje kufundisha.

"Una bahati, binti yangu," alisema. "Atakufundisha mwenyewe."

Brashi aliomba apewe mpaka saa kumi aamue. Alilizunguka jengo mara saba, mlinzi akimhesabia. Akirudi nyumbani, atachora juu ya ngazi ya mjomba. Akibaki, ngazi itamfuata huku. Tofauti ni kwamba huku kuna maktaba, na huenda ndani yake mna kitabu kinachosema kwa nini zinaota. Saa kumi kasoro dakika mbili aliingia ofisini, akatia saini fomu ya kujiunga.

Siku ya kwanza ya masomo Fundi Rula aliingia darasani na suti, ngazi begani, ingawa ubao wenyewe mtoto angeufikia. Alisalimia, akakohoa, akatafuta uso anaoujua.

"Mpwa wangu, hebu wachoree."

Akashika ngazi. Brashi akapanda, akachora kichwa kwa chaki. Kabla hajashuka, nywele nyeupe zilikuwa zimeshavuka ukingo wa ubao, na wanafunzi wa mstari wa mbele wakasogeza madaftari yao kuzipisha. Fundi Rula aliinama kwa taabu, akaandika RULA.

Brashi alirudi kitini, akatoa mkasi mkobani, akangoja kengele ili akazikate nywele. Chini ya meza mguu wake ulikuwa ukienda kama wa fundi cherehani. Wenzake waliinamia madaftari, wakanakili yote: kichwa, nywele, na saini.