Benchi la Tatu Kutoka Nyuma

Naapa, na niko tayari kushika Biblia kwa mikono yote miwili, kwamba haya ninayoandika yalitokea hivi hivi, bila chumvi hata punje. Ile Jumapili ya dhoruba, maji yalipanda mtaani kwetu kwa kasi hadi nikamwona samaki akichungulia dirisha la posta, kama mtu anayeulizia barua yake. Mimi nilisoma mita za maji miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na watu bado wananiita Mzee Mita, kwa hiyo nikisema maji yalikuwa mengi, ni mtaalamu anayesema.

Hakufa mtu, na hilo tulimshukuru Mungu kabla ya mengine yote. Lakini nyumba kumi na nane zilijaa tope hadi usawa wa swichi za taa, na moja, ya Bibi Vifungo, ilibaki kuta tu. Upepo ulimng'olea paa, maji yakaja kumalizia kilichobaki.

Bibi Vifungo ni fundi cherehani. Hakuna shati mtaani kwetu ambalo hajalirudishia kifungo. Vifungo vya akiba huviweka kwenye chupa, na chupa zilikuwa saba. Analea wajukuu watatu wa marehemu binti yake. Jumanne akafika mjomba wao, mtoto wa kiume wa Bibi, ambaye anafanya kazi mbali. Si mtu mbaya. Alisimama chumbani mwa watoto, akatazama juu, akaona mbingu, akasema Jumatatu ijayo ataondoka na mkubwa. Wa kati ataenda kwa shangazi yake, na mdogo atachukuliwa na mama mdogo wao, ambaye anaishi upande mwingine kabisa wa nchi.

Bibi alikuwa amechutama, akiokota vifungo kwenye tope na kuviosha kimoja kimoja ndani ya bakuli. Watoto walikaa pembeni yake bega kwa bega, kama vifungo kwenye kadi ambayo haijafunguliwa. Bibi akauliza bila kuinua kichwa: je, paa likiwepo?

"Mama, Jumapili nikikuta paa, nitawaacha hapa na nitakuomba radhi mbele za watu," mjomba akasema. "Lakini usinidanganye kwa turubai."

Sasa kanisa letu lina utaratibu wake, na lazima niueleze, maana ndio ulioniponza. Kwanza, kazi hugawanywa kwa sauti za kwaya. Sauti ya kwanza huzoa tope, ya pili huosha vyombo, ya tatu hubeba magodoro juani, na ya nne, yaani besi, hupokezana ndoo kwa mstari. Wote huimba, na kazi hufuata wimbo. Besi walileta shida. Wale wazee wakishika noti ndefu hawaachii, na ndoo nayo haiachiwi hadi pumzi iishe. Nyumba ya kwanza iliwachukua siku nzima. Mwalimu wa kwaya akawapiga marufuku kuimba, na nyumba ya pili ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Pili, kuna kutoa pole. Mama Mwenyekiti, anayeongoza umoja wa akina mama, hupita na daftari. Ukipoteza kitu kwenye janga, anakiandika, na kabla ya wiki kwisha akina mama wanakuja kwako, wanakaa, wanaomba, na kukuachia kitu cha mfano wa kile ulichopoteza. Umepoteza sufuria, unaletewa sufuria. Hakuna anayerukwa, hata aliyepoteza kandambili.

Jumatano mchungaji alituita uani mwa kanisa. Maji yalikuwa yameingia humo pia, kwa hiyo mabenchi yote yalikuwa nje yakikauka. Alituambia kwamba kanisa la ng'ambo ya mji limeleta lori la mabati kwa ajili ya Bibi Vifungo, ila mbao hakuna. Duka la mbao lilikuwa limezolewa lote, na mzigo mwingine haungefika kabla ya siku kumi. Kisha akainama, akagonga benchi moja kwa vifundo vya vidole, likalia vizuri.

"Na hizi je?"

Kila mtu aligeuka kutazama benchi lake. Msichukulie jambo hili kwa wepesi. Kwetu benchi halina jina la mtu, lakini kila familia inajua lake, na wapo watu wawili ambao hawajasalimiana miaka tisa kwa sababu mmoja alikaa pasipo pake siku ya ubatizo. Mama Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Alisema familia yake imelikalia lake vya kutosha, sasa ni zamu ya benchi kuwakalia wengine kichwani. Wale wawili wasiosalimiana wakafuata, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake. Mara ukawa ni ugomvi wa nani atoe kwanza.

Fundi Randa, seremala aliyeyatengeneza mabenchi yale pamoja na baba yake, akayahesabu huku akiyageuza. Ishirini na matatu. Akarudia kuhesabu. Yeye na baba yake walitengeneza ishirini na manne.

Lililokosekana lilikuwa la tatu kutoka nyuma, kando ya nguzo. Langu.

Nieleze. Maji yalipopungua, mimi ndiye niliyetangulia kufika kanisani, nikalikuta limekwama mlangoni. Nikalikokota hadi kwangu likaushwe, na hapo sikuwa na nia mbaya. Lakini benchi lile nimelikalia na mke wangu tangu mwaka tuliooana. Nguzo inamzuia mchungaji asinione, na mbao ya nyuma imeshapata umbo la mgongo wangu. Nimesinzia pale mahubiri ya miaka arobaini. Kulipeleka juu ya dari, mimi nibaki wapi?

Kila mtu alikuwa ananitazama.

"Limechukuliwa na maji," nikasema.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nikaendelea. Nikasema nililiona kwa macho yangu likipita mbele ya nyumba yangu, na juu yake amekaa kuku mwekundu, kifua mbele, anatazama aendako kama nahodha. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko tangu dhoruba. Mama Mwenyekiti alifungua daftari, akaandika. Mke wangu hakucheka.

Kazi ikaanza. Sijawahi kuona kitu kama kile. Fundi Randa alifumua mabenchi bila kuvunja hata moja, mbao ya kukalia huku, ya kuegemea kule, misumari ikanyooshwa kwa nyundo na kutumika tena. Mjomba alivua shati, akapanda ukutani. Hadi Alhamisi jioni kenchi zote, yaani mbao za kubebea paa, zilikuwa zimesimama, na ungeangalia kutoka barabarani ungedhani nyumba inajaribu kofia. Mbao moja ilikuwa bado ina namba ya wimbo iliyochorwa kwa penseli na mtoto fulani aliyechoshwa na ibada.

Ijumaa saa nne asubuhi kazi ikasimama. Fundi Randa alishuka ngazi, akafuta jasho, akasema amebakiza mbao moja tu, ile ya juu kabisa inayoshika pande zote mbili. Iwe ndefu, iwe nzima. Mabenchi mengine yalikuwa yameshakatwa kwa kipimo cha kenchi. Mtu akauliza kama haiwezekani kuunga vipande viwili.

"Mgongo wa paa hauungwi," akasema. "Upepo ukirudi utapasukia hapo hapo."

Mjomba alishuka ukutani. Alikaa kwenye tofali akaanza kuhesabu kwa vidole, na nilijua anahesabu siku. Yule mjukuu mdogo alikuja akamshika Bibi sketi. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la misumari. Mara mbili nilifungua kinywa, na kinywa hiki ambacho hakijawahi kukosa la kusema kikakosa. Nikaaga kwamba naenda kula.

Nilipofika nyumbani nilisikia kuimba. Akina mama kumi na mmoja walikuwa uani kwangu, Mama Mwenyekiti mbele na daftari kwapani. Wamekuja kunipa pole kwa benchi langu. Na kwa kuwa kila aliyepoteza lazima aletewe cha mfano wake, na mabenchi yote yameshakuwa paa, walikuwa wameniletea kigoda cha kukalia mtu mmoja, kimepigwa rangi mpya. Mama mmoja aliniambia kwa huzuni ya kweli kwamba mke wangu amewaeleza jinsi ninavyokosa usingizi.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anapanga vikombe.

Nyumba yetu ina viti vinne. Akina mama walianza kuangaliana, na hapo mke wangu akasema, kwa ile sauti yake laini ambayo baada ya miaka arobaini nimejifunza kuiogopa:

"Jamani msisimame. Pale nyuma ya pipa kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka. Kaeni tu, kinawatosha."

Wakaenda. Saba wakakaa, wakatosha kabisa. Mama Mwenyekiti alikaa katikati, akapapasa kwa kiganja, akapapasa tena. Akainua pembe ya shuka. Akaishusha polepole, akafungua daftari, akatoa kalamu.

"Mzee Mita," akasema, "na kuku yuko wapi?"

Nilifikiri kwa haraka sana.

"Alishuka njiani," nikasema.

Sitaandika jinsi walivyocheka, maana mmoja alilazimika kupewa maji. Lakini Mama Mwenyekiti alipomaliza kufuta machozi alinitazama bila kicheko, akaniambia kwamba kuna watoto watatu wanaogawanywa Jumatatu.  Mke wangu alivuta shuka akaikunja.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, baba," akasema. "Haya, beba."

Nikabeba. Nililiweka kichwani, benchi la urefu wa mita nne, nikapita nalo barabarani mchana kweupe, na akina mama kumi na mmoja wakinifuata kwa sauti ya kwanza. Watu walitoka majumbani na makoleo mikononi. Sikuhitaji kueleza kitu, maana habari za kuku zilinitangulia. Mjomba aliniona kwa mbali, akaja mbio akashika upande mmoja. Fundi Randa akaipitishia mkono mbao ya kuegemea.

"Hii haihitaji hata randa," akasema. "Umeshailainisha kwa usingizi."

Ilipanda jioni ile ile. Jumamosi saa kumi msumari wa mwisho uliingia kwenye bati la mwisho, na wanaume wazima walikaa juu ya paa hawataki kushuka. Bibi Vifungo aliingia ndani na wajukuu wake, akasimama katikati ya chumba, akatazama juu muda mrefu. Kisha akazionyesha mbao moja moja akiwatajia wenyewe: hawa ni wa nguzo ya mbele, hawa wa mlangoni, na ile ya juu kabisa ni ya mwongo wetu.

Jumapili tulisali tumekaa sakafuni, mimi mbele kabisa juu ya kigoda changu, mahali ambapo mchungaji ananiona vizuri. Katikati ya ibada mvua ikashuka, kubwa, ya kukoga. Kanisa zima likatazama juu. Mjomba akasimama akatoka mbio. Tulisubiri, hata mchungaji alifunga kitabu. Aliporudi alikuwa amelowa kama kitambaa cha deki, na anacheka.

"Ndani hakuna hata tone."

Akatembea hadi mbele, akapiga magoti kwa mama yake, akamwomba radhi kama alivyoahidi. Watoto watatu walimrukia shingoni wote kwa pamoja. Hapo kwaya ikalipuka. Besi wakashika noti yao ndefu, na mwalimu wa kwaya akawaacha waishike hadi pumzi iwaishe. Jumatatu mjomba aliondoka peke yake.

Kesi yangu aliachiwa Bibi Vifungo. Alinishonea kifungo chekundu kifuani, cha kumkumbuka kuku, akanipa ndoo. Hukumu: nizoe tope la kila nyumba iliyobaki, hadi ya mwisho, kwenye mstari wa besi. Nimetumikia bila kunung'unika hata siku moja, na sasa imebaki nyumba moja tu.

Mke wangu amesoma hapa juu ya bega langu. Anasema zimebaki nne, kwamba jana nilinung'unika hadi majirani wakasikia, na kwamba yule samaki wa posta alikuwa soksi.

Haya. Ilikuwa soksi. Na nyumba ni nne. Ndoo hii hapa. Mwenye kujua koleo liko wapi aniambie.