Siku Tuliyofyeka Matete

Jesca alifika kwa mwenyekiti wa mtaa akiwa na sare ya kiwandani iliyochanika begani. Alfajiri ile, akiwahi zamu, mwanamume alimvuta kwa nguvu ndani ya matete ya kiwanja kilichotelekezwa, pale njia ya mtaa wetu inaposhuka kutoka mlimani kwenda lami. Jesca alimng'ata mkono mpaka akamwachia.

Mwenyekiti, mzee Gervas, aliitikia shikamoo yake, akamsikiliza huku anakoroga chai. "Sasa, binti, kwa nini upite peke yako kabla hakujapambazuka?"

Mama Faraja, jirani aliyekuja nasi kumsindikiza Jesca, hakuvumilia. "Apite na nani, mzee? Zamu inaanza saa kumi na mbili. Tangu mwaka jana tunakuomba matete yafyekwe."

"Kiwanja kina mwenyewe, yuko Dar. Nitamwandikia barua."

"Ya ngapi hiyo?"

Jumamosi asubuhi tulishuka wanawake ishirini na wawili, mapanga mkononi. Mama Faraja ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyemuuliza sababu. Tulifyeka bila kuimba. Mzee Gervas akaja anahema.

"Mnaharibu mali ya mtu! Atawashtaki!"

"Atushtaki," Jesca alisema bila kuinua kichwa. "Labda huko mahakamani nitasikilizwa."

Katikati ya kiwanja tukakuta majani yamelazwa. Palikuwa na kandambili moja ya kike na mtandio uliooza. Kisha Cecilia, muuza mchicha, akaokota sweta la shule lililoganda tope.

Mama Faraja alilinyakua. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka alichokishona mwenyewe. Mwezi wa sita bintiye wa darasa la saba alirudi bila sweta, akasema limeibwa. Mama Faraja akamchapa kwa uzembe huo.

Akamwendea Gervas, akalibana lile sweta kifuani pa mzee. "Mali ya mtu hii hapa! Haya, iandikie barua!"

Mzee akasogea kando, akatupisha.

Tulikwenda polisi na tope letu miguuni. Askari wa zamu akasema turudi Jumatatu. Tukaketi sakafuni, sote, tukaziba mlango mpaka akaitwa ofisa wa dawati la jinsia. Yeye alifungua jalada, akalipokea sweta. Mwanamume yule wa kwenye matete hajakamatwa hadi leo. Kabla ya kuachana tulipanga zamu: wa kiwandani, wa sokoni na wa shuleni watashuka kwa makundi kila alfajiri.

Jioni ile Mama Faraja aliketi kitandani kwa bintiye.

"Nisamehe fimbo zile, mwanangu. Tumeliona sweta."

Faraja aligeukia ukuta, akaanza kusema yaliyompata kwenye matete. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, ngumi amezificha ndani ya kanga ili mtoto asizione.