Maji Mara Saba

Agosti 1978, Biryogo, Kigali. Adhana ya magharibi ilipokwisha, Hadija Nyirarukundo aliinua kikombe cha maji ili afuturu, na koo likakaza. Alijaribu tena. Maji yakamtoka puani. Mumewe, fundi cherehani Saidi Nzeyimana, alidhani ni uchovu wa saumu, akamwambia aanze na chai ya moto.

Mwezi Mei, muuguzi wa mifugo aitwaye Gasana alikuwa amepita mtaani akichanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa. Waislamu wengi wa mtaa huo hawafugi mbwa, kwa hiyo sanduku lake la sindano lilikuwa bado limejaa karibu lote. Mlangoni kwa Nzeyimana aliona paka wa kahawia amelala juu ya vitambaa vya wateja, akaomba amchanje.

"Huyu?" Nyirarukundo alicheka. "Paka yangu iko safi, muganga. Inakula vizuri kuliko fundi. Kachanje mbwa huko Remera."

Gasana alieleza kwamba paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa huugua vilevile. Alipewa chai, akanywa, akaondoka.

Juni, mbwa mzururaji aliingia uani, akalamba sufuria, na paka alipomvimbia akamng'ata mgongoni. Nyirarukundo aliiosha sufuria mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama alivyofundishwa utotoni kuhusu chombo alicholamba mbwa. Jeraha la paka alilifunga kwa kitambaa.

Julai paka alijificha chini ya cherehani, mate yakimtiririka. Nyirarukundo alipomvuta amlishe, paka alimng'ata kidole gumba cha kulia. Kesho yake paka alikutwa amekufa. Kile kidole Nyirarukundo alikuwa amekipangusa kwa pindo la kanga, akaendelea kukaanga sambusa. Mate ya paka si najisi. Hakuona cha kuosha.

Baada ya futari ile iliyoshindikana, hospitalini daktari aliuliza kuhusu mbwa. Nzeyimana alisema hakuna mbwa aliyemgusa mke wake. Daktari akauliza kuhusu paka. Fundi akasimulia yote, hata habari ya sufuria, akauliza kama kuosha kidole kungesaidia.

"Sabuni na maji mengi, pale pale, kisha sindano," daktari alisema. "Wengi huokoka hivyo."

"Na sasa?"

"Sasa hapana, mzee."

Nyirarukundo alifariki kabla ya Idi. Wanawake walipokuja kumwosha, Nzeyimana aliomba mkono wa kulia aachiwe yeye, mume anaruhusiwa. Alikuja na udongo wa uani kwenye sahani. Mukashema, dada wa marehemu, aliuona.

"Shemeji," alisema taratibu, "udongo huo ni wa vyombo."

Nzeyimana alimimina maji juu ya udongo. Aliuosha mkono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo. Kisha akaukausha.