Mwitikio wa Sesilia

Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua duka lake la mabomba pale Sinza, Burhan hukimbia na klabu ya joging ya mtaani. Wanakutana kituo cha daladala cha Makaburini, wanapasha misuli na kutaniana kuhusu vitambi. Kisha mwenyekiti, Sadallah, anapuliza filimbi, na Sesilia, aliyefariki mwezi wa tatu, anakaa mbele kama kawaida yake.

Hakuna anayeshtuka. Walio nyuma yake huacha nafasi kidogo wasije wakamkanyaga visigino, na mgeni akiuliza huambiwa huyo ni bingwa wa mbio ndefu, kwao Mbulu kunakotoka wakimbiaji, wala asijitie kushindana naye.

Burhan ana miaka sita kwenye klabu na bado akifika Mwenge anahema kama pampu mbovu. Enzi za uhai wa Sesilia alikuwa akizitazama nyayo zake, zilivyogusa lami kama mtu anayeonja chai ya moto, akaamini kwamba Mungu ameumba watu wa aina mbili, wanaochoka na wasiochoka. Klabu nzima iliamini hivyo. Ndiyo maana siku ile ya mwezi wa tatu walimweka mbele akiwa na homa, Sadallah akisema homa ya bingwa haimalizi hata nusu saa.

Na klabu hukimbia kwa kuitikia, mchakamchaka ule ule wa shuleni. Kiongozi huuliza, "Mmechoka?" Wote hujibu, "Bado!" Siku ile, kwenye kituo cha mafuta, Sesilia aligeuza shingo akasema, "Nimechoka." Kwa mazoea ya tangu darasa la kwanza, watu wakaitikia, "Bado!" Burhan naye aliitikia. Sesilia akasema tena, wakaitikia tena, safari hii kwa vicheko. Halafu akaanguka, na hakuinuka.

Sasa kila Jumamosi, wakifika kwenye kituo kile, marehemu hugeuza shingo na kusema amechoka. Nao humwitikia.

Burhan alimfuata Sadallah.

"Mwenyekiti, watu wakinyamaza siku moja tu, dada wa watu ataenda zake."

"Braza, sasa mie nitawazibaje midomo? Ndiyo mchakamchaka wenyewe huo. Halafu wengi wanajiunga kwa ajili yake. Fulana zote zina picha yake."

"Lakini amechoka."

"Bado," alisema Sadallah, bila hata kufikiri. "We huoni spidi yake?"

Jumamosi iliyofuata Burhan alijikaza kufa na kupona mpaka akawa bega kwa bega na Sesilia. Alitaka dada wa watu asikie walau mdomo mmoja ukimjibu vingine. Marehemu alinukia dawa ya kuchua, na hakuwa na tone la jasho. Kwenye kituo cha mafuta akageuza shingo.

"Nimechoka."

"Pumzika, dada yangu," alisema Burhan.

"Bado!" klabu ikapaza sauti nyuma yake, na jibu lake likamezwa humo humo.

Kifua kilikuwa kimembana Burhan. Goti lilikuwa linawaka. Bila kukusudia, maneno yakamponyoka: "Jamani, nimechoka."

"Bado!"

Na miguu yake ikaendelea. Alijaribu kuisimamisha, ikakataa. Burhan aliogopa, akaogopa sana, akawa anakimbia huku machozi yanamtoka.

Sesilia akamtazama. Tangu afe hakuwahi kusema neno jingine zaidi ya lile moja.

"Pumzika, kaka," alimwambia. "Mimi nitaendelea nao."

Miguu ya Burhan ikasimama. Alijibwaga ukingoni mwa barabara, na binti mmoja wa kituoni akamletea maji ya kunywa. Fulana zikampita, picha baada ya picha ya Sesilia akitabasamu, mpaka ya mwisho ikakata kona ya Mwenge.

Kutoka huko konani akasikia sauti moja nyembamba. Kisha za watu wengi, wazima, wachangamfu, wakiitikia.