Moshi Uliosingiziwa

Philomene Nakogee aliambiwa kwamba moshi wake ndio unaomuua mjukuu wake, na ubaya wa jambo hilo ni kwamba aliamini.

Aliyemwambia ni nesi mpya, kijana aliyeshushwa na ndege kutoka kusini juzijuzi, viatu vyake bado vinang'aa. Alikuwa akisikiliza kifua cha Shaylene, mtoto wa miaka sita anayepumua kwa mluzi, pua ya nesi ikanasa harufu ya koti la bibi. Akauliza ni harufu ya nini. Philomene hakuficha. Mwanawe alipiga musi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, msituni, na yeye Philomene ameikwangua ngozi yake, ameilainisha kwa ubongo wa mnyama huyohuyo, sasa anaifukiza uani kwa mbao zilizooza mpaka ishike rangi ya chai. Mwanamke yeyote wa Kikrii, kabila la wenyeji wa huku kaskazini, aliye wa rika lake anaijua kazi hiyo. Nesi akatikisa kichwa. Moshi na pumu haviendi pamoja, alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kunawa mikono.

Basi Philomene akazima moto. Ngozi isiyofukizwa ikilowa hukauka ikawa ngumu kama ubao, na ile ilinyeshewa ikawa hivyo. Kazi ya majira mazima ikaenda na maji. Hakulalamika, maana tangu mama yake Shaylene afariki, mtoto huyo ndiye aliyebaki wa kumwita Bibi asubuhi. Baridi ilipoingia alizidi kujitesa: akafua nguo zote zilizonuka moshi, akaacha hata kuwasha majani matakatifu wakati wa kusali. Shaylene akabanwa kifua vilevile. Alfajiri midomo yake ilikuwa ikigeuka kijivu huku mkono ukipapasa chini ya mto kutafuta dawa ya kuvuta.

Theluji ilipoanza kulainika, kijiji kizima kikaenda kambini kuwinda bata bukini, kama kila mwaka. Huko watu hulala katika mahema ya turubai, juu ya matawi ya msonobari, na jiko la bati katikati. Bata huning'inizwa kwa kamba pembeni mwa moto, wakizunguka na kudondosha mafuta, na moshi humwingia kila mtu machoni. Shaylene alikimbizana na wenzake kutwa. Dawa yake ilikaa mfukoni mwa bibi hadi wakasahau kwamba ipo. Walirudi nyumbani, na usiku wa kwanza tu wa kulala kitandani mwake, mtoto akaamka akipigania hewa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Philomene, hasira ya mtu aliyejihukumu bure. Alisogeza kitanda cha mtoto kutoka ukutani. Rangi nyeupe ilikuwa imevimba malengelenge, na alipoikwaruza kwa ukucha, kuvu jeusi likatoka na maji.

Alimwendea Hosea, mtoto wa mdogo wake, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba zote za kijiji. Ni mafundi wa Hosea waliokuwa wakipaka kuta rangi kila wageni wa serikali walipokaribia kuja. Hosea alimkaribisha kiti, kisha akaanza kumlaumu.

"Mama mkubwa, na wewe unaanika nguo ndani, unachemsha chai kutwa. Unyevu utaacha kuwepo?"

"Kwa hiyo chai yangu ndiyo imeozesha ukuta?"

"Nasema nilivyoambiwa na wakubwa."

"Sikiliza, mwanangu. Mbao za nyumba hizi zililetwa mtoni kwa tishari zikiwa zimelowa chapachapa, wewe ukiwa bado unakojoa kitandani. Zilianza kuoza kabla sijabandika birika hata moja."

Hosea akacheka kwa aibu. Fedha za matengenezo hazijatoka kusini, alisema, ila rangi ipo, kama anataka makopo mawili achukue.

Hakuchukua. Alipiga hema uani, akatandika matawi, akahamia humo na Shaylene. Majirani walimtania kwamba bata wamekwisha, anawinda nini tena? Naye akawajibu kwamba anawinda pumzi. Mtoto akalala vizuri, akaamka vizuri, akadai chakula.

Lakini maneno yana miguu. Ndege ikaleta afisa ustawi wa jamii, Denise Faraday, aliyepata habari kwamba kuna mtoto analazwa nje kwenye hema. Philomene alimpokea kwa furaha. Alimwingiza ndani, akasogeza kitanda, akachukua shoka na kuupasua ukuta tangu dirishani hadi sakafuni. Kuvu lilikuwa limetambaa mpaka kwenye nguzo, na pamba ya kuzuia baridi iliteremka kwa mabonge yaliyolowa. Denise akaziba pua, akapiga picha nyingi. Moyo wa Philomene ukatua. Hatimaye ameonekana.

"Mama, nyumba hii haifai mtoto," Denise alisema.

"Ndivyo ninavyolia siku zote."

"Na hema si makazi, sheria hailitambui. Itabidi niondoke na Shaylene kwa muda, hadi hapa patengenezwe."

Philomene alilitazama shoka mkononi mwake. Alikuwa amejikatia ushahidi mwenyewe na kumkabidhi mgeni.

"Kibovu ni nyumba," alisema. "Ichukueni nyumba, basi. Pakieni ndegeni muende nayo. Mtoto niachieni."

Denise alisema anaelewa, na kwamba anasikitika. Ndege iliruka mchana huo na Shaylene ndani, begi lake mapajani.

Fedha za matengenezo, zilizoshindikana kwa miaka yote ile, zilipatikana kabla mto haujamaliza kuvunja barafu. Mafundi wakaja, wakang'oa ukuta wote, vumbi jeusi likatanda nyumba nzima. Philomene alisimama mlangoni akiwatazama. Kiongozi wao, mtu mpole, alivua barakoa ili amfariji.

"Afadhali mtoto hayupo, bibi," alisema. "Hewa hii ingemuua."